Weizmann ya Rehovot, chuo kisichofundisha digrii ya kwanza: nilivyokiona mimi

Wadogo zangu wanaomaliza kemia, baiolojia, fizikia na hesabu wananiuliza kitu kile kile, wengine wanaandika meseji, wengine wanapiga simu kabisa, kwamba ile Weizmann niliyosoma ni chuo cha namna gani hasa, na je inafaa mtu kujisumbua kuomba au ni jina tu. Nimejibu vipande vipande mpaka nimechoka, acha niandike yote mara moja. Nilikuwa pale 2017 mpaka 2019, nilichukua uzamili upande wa sayansi za uhai, kwa hiyo mambo ya maabara nimeyashika kwa mikono yangu, na yale ya historia ni yale ambayo ukikaa pale huwezi kuyakwepa, kila jengo lina stori yake na kila mzee unayepishana naye njiani alikuwepo au anamjua aliyekuwepo.

Kwa wasioijua kabisa, Taasisi ya Sayansi ya Weizmann ipo Rehovot, Israel, kama kilomita 20 hivi kusini mwa Tel Aviv, na ukisikia chuo kikuu usivute picha ya vyuo tulivyovizoea. Mwaka wa kwanza hakuna. Mamia ya watu kugombania viti ukumbini hakuna. Sheria, uhasibu, biashara, lugha, hivyo hutavikuta. Kuna vitivo vitano tu, baiolojia, baiokemia, kemia, fizikia, na cha tano ni hesabu pamoja na sayansi ya kompyuta, na ili uingie lazima uwe na digrii tayari mkononi maana wanachotoa ni uzamili na uzamivu peke yake. Vikundi vya utafiti viko kama 250 hivi, kila kikundi na bosi wake, maabara yake na swali lake. Masomo ni kwa Kiingereza, Kiebrania utakiokota sokoni na kwenye basi.

Kilianza 1934 kikiitwa Taasisi ya Utafiti ya Daniel Sieff, kijana wa familia ya Sieff ya London aliyefariki akiwa bado mdogo, wazazi wake wakatoa hela ijengwe kumkumbuka. Aliyeisimamisha ni Chaim Weizmann, mkemia, yule yule aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Israel, na 1949 alipokuwa anafikisha miaka 75 ndipo ikapewa jina lake. Huyu mzee alikuwa Manchester anahangaika na bakteria, akampata mmoja anayekula wanga na kutoa asetoni, na Uingereza kwenye vita ya kwanza ya dunia walikuwa wanaitafuta asetoni kwa udi na uvumba kwa ajili ya baruti. Kwa hiyo siasa na sayansi pale vimeshikana tangu kwenye mizizi, na mtu akikuambia kwamba ni sehemu ya sayansi tupu hajaitazama vizuri. Nyumba yake bado ipo kampasi, ilichorwa na Erich Mendelsohn miaka ya 1930, na yeye na mkewe Vera wamezikwa hapo hapo bustanini.

Sasa hela, maana najua ndiyo mnayoitaka. Ada hakuna. Narudia, hakuna. Shule yao ya uzamili inaitwa Feinberg, ipo tangu 1958, na mwanafunzi anayekubaliwa halipi ada na juu yake anapewa posho kila mwezi ya kuishi ili asilazimike kutafuta kibarua. Mimi barua yangu ya kukubaliwa niliisoma mara tatu nikitafuta sehemu iliyoandikwa kiasi cha kulipa, nikampa kaka naye aisome, hakuna. Posho haikufanyi tajiri, Israel maisha ni ghali, chumba cha kupanga kinameza shekeli nyingi na nyanya tu zinaweza kukushangaza, lakini ukipanga na wenzako wawili na ukapika nyumbani unaishi bila kuomba mtu, na jioni unalala ukiwaza protini yako badala ya kuwaza kodi. Hilo peke yake kwa mtu aliyesoma digrii ya kwanza kwa kuunga unga ni jambo zito sana.

Na hapa nisimame kidogo kwa sababu limenikera kwa miaka. Kabla sijaomba, kuna ofisi moja ya mawakala wa masomo ya nje iliiambia familia yangu kwamba vyuo kama hivi haviingiliki bila mtu wa kukushika mkono, wakataka hela ambayo kwetu ilikuwa kodi ya nyumba ya miezi mingi. Mama alikuwa ameshaanza kuikopa. Bahati nzuri mwalimu aliyenisimamia mradi wa mwaka wa mwisho alinikalisha chini akanionyesha kwamba unaomba mwenyewe moja kwa moja kwenye tovuti ya chuo, unahitaji matokeo yako, barua za walimu wanaokujua kweli, na maelezo yako ya kwa nini unataka utafiti. Usimpe mtu hela. Kama ni uzamivu unaoutaka, kazi kubwa ni kumpata msimamizi mapema, unasoma kazi zake, unamwandikia barua fupi inayoonyesha umezisoma, na yeye akikutaka ndipo mengine yanafuata. Barua ya kunakili uliyotuma kwa watu sitini inajulikana kwa mstari wa kwanza, nimekaa ofisi moja na watu waliokuwa wanazipokea.

Turudi kwenye masomo yenyewe. Kwa upande wetu wa sayansi za uhai mwaka wa kwanza wa uzamili unazunguka maabara tatu, wanaita rotesheni, kila moja miezi michache, ndipo unachagua utakapofanyia tasnifu. Kuna vipindi vya darasani, ndiyo, lakini uzito wote upo benchi. Wiki inaanza Jumapili, jambo lililonichukua muda kulizoea. Na mfumo wa rotesheni ni kitu ambacho nikipewa nafasi ningekibeba nikipeleke kila chuo ninachokijua, kwa sababu unajua unaoana na nani kabla ya kuoana. Kuna maabara nzuri sana kwa majina, unaingia unakuta huwezi kupumua, na kuna nyingine hata hukuitilia maanani ndiyo inakuwa nyumbani.

Rotesheni yangu ya pili ndiyo iliyonifundisha chuo hiki ni nini. Nilipewa kusafisha protini moja, kazi ya kawaida, unavunja seli, unapitisha kwenye safu, yaani mrija wa kutenganisha protini, unatoa vipande, unapiga jeli inayozipanga protini kwa ukubwa, unaangalia mstari wako upo. Mstari haukuwepo. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tano. Protini ilikuwa inatoka kwenye seli vizuri halafu inaganda kama maziwa yaliyochacha, chini ya tyubu kimebaki kitu cheupe. Nikawa naficha. Nilikuwa nakuja saa kumi na mbili asubuhi ili nirudie kabla watu hawajafika, na kwenye mkutano wa kikundi nilipanga kuonyesha slaidi za mambo mengine. Mwenzangu mmoja wa uzamivu, Mhindi wa Kerala, akaniona na ile tyubu akasema ilete hiyo, hiyo ndiyo slaidi yako. Nikaileta. Bosi akaitazama ile picha ya jeli tupu akavuta kiti mbele, na watu wote wakaanza kuniuliza maswali, dakika arobaini nzima, hakuna aliyenilaumu, wanataka tu kujua kwa nini inaganda, inaganda lini, ikiwa baridi au ya moto, kabla ya safu au baada. Mwisho tukagundua ni bafa, yale maji yenye kemikali tunayoiwekea protini. Tulikuwa tunaweka ndani yake kemikali ya EDTA ili kulinda protini isiliwe na vimeng'enya vya seli, na EDTA kazi yake ni kunyakua metali, na protini ile katikati yake imeshikiliwa na zinki. Yaani tulikuwa tunaing'oa nguzo ya nyumba halafu tunashangaa paa limeanguka. Tukaitoa EDTA, mstari ukaja, mnene, mahali pake. Nilitetemeka.

Nasimulia haya kwa sababu baadaye nilikuja kuelewa kwamba tabia ile ya kulivutia kiti jambo lililogoma ndiyo iliyokijenga chuo. Mfano mkubwa ni dawa ya Copaxone, ya ule ugonjwa unaoitwa MS kwa kifupi, ambao kinga ya mwili inageuka inakula ganda linalofunika mishipa ya fahamu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Michael Sela, Ruth Arnon na Dvora Teitelbaum hawakuwa wanatafuta dawa. Walikuwa na swali la kinga ya mwili, wakatengeneza minyororo ya bandia ya asidi amino inayofanana fanana na protini ya lile ganda, wakitegemea ikiingizwa kwa wanyama wa maabara itawaletea ugonjwa unaofanana na MS ili wausome. Wanyama hawakuugua. Jaribio limefeli. Sehemu nyingine tyubu zingeenda kwenye pipa. Wao wakauliza, kama haisababishi, je inazuia? Na ikawa inazuia. Kutoka pale mpaka Marekani kuiruhusu itumike kwa wagonjwa ilikuwa 1996, karibu miaka thelathini, na ndani yake ni asidi amino nne tu. Mimi nikiwa na jeli yangu tupu ya wiki tano nilikuwa naona nimepoteza maisha, watu hawa walikaa na swali moja nusu ya umri wa mtu.

Halafu kuna Ada Yonath. Aisee. Huyu mama unaweza kupishana naye kwenye njia za kampasi, nywele nyeupe zimesimama, na ukishajua alichofanya unashindwa hata kusalimia vizuri. Alizaliwa Jerusalem 1939 kwenye nyumba ya kimaskini, baba akafariki yeye Ada akiwa na miaka kumi na moja, akasoma kwa taabu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 akaamua anataka kuona ribosomu, ile mashine ndani ya seli inayosoma maagizo ya jeni na kuunganisha protini, aione mpaka kwenye atomu. Ili uone hivyo inabidi kwanza ribosomu zikubali kujipanga ziwe fuwele, na wataalamu wakubwa walikuwa wanasema haiwezekani, ni kubwa mno, ni laini mno, zinavunjika. Wazo alilipata akiwa anauguza kichwa baada ya ajali ya baiskeli, akasoma kwamba dubu wanaolala majira yote ya baridi ribosomu zao zinajipanga kwa mpangilio ndani ya seli. Akawaza, kama mwili wa dubu unaweza kuzipanga zikakaa miezi bila kuharibika basi inawezekana. Akaenda kwa vijidudu wanaoishi sehemu ngumu, wa chemchemi za moto na wa Bahari ya Chumvi, maana ribosomu zao ni ngangari. Fuwele za kwanza ni 1980. Zikawa zinaungua kwa mionzi ya eksirei, akabuni namna ya kuzigandisha kwa baridi kali sana zidumu, njia ambayo leo kila mtu wa fani hiyo anaitumia. Picha kamili ikaja 2000, Nobel ya kemia ikaja 2009 pamoja na Venkatraman Ramakrishnan na Thomas Steitz. Miaka ishirini kati ya fuwele na picha. Na faida yake ipo hospitali zote, kwa sababu antibiotiki nyingi tunazomeza zinafanya kazi kwa kuziba ribosomu ya bakteria, na sasa tunajua zinaziba wapi.

Swali langu kwa kila mtu anayesimamia utafiti ni hili, ni nani mwingine angemvumilia mtu miaka ishirini? Hapo ndipo ninapokipa chuo hiki alama zangu zote. Ripoti zipo, ushindani wa hela za utafiti upo, msidhani ni peponi, lakini swali la msingi halidharauliwi kwa sababu halina soko kesho. Na cha kushangaza wanauza pia, wana kampuni yao ya kupeleka uvumbuzi viwandani inaitwa Yeda, ipo tangu 1959, dawa zinatoka, hataza zinatoka. Ila pale hakuna aliyeniuliza siku ya kwanza protini yangu itauzwa kwa nani.

Upande wa kompyuta mimi si mtu wake lakini rafiki zangu wa jengo la Ziskind hawangenisamehe nikiuruka. Katika miaka ya 1950, nchi ikiwa changa na chakula cha mgao, watu hawa wakajenga kompyuta. Chaim Pekeris, mtu wa hesabu, aliitaka ili apige mahesabu ya maji kupwa na kujaa kwenye bahari zote za dunia. Kwenye kamati ya ushauri Einstein alikuwa na wasiwasi kama nchi ndogo ina kazi za kuitosha mashine ya namna ile, John von Neumann akamhakikishia kwamba Pekeris peke yake ataimaliza. Gerald Estrin akatoka Marekani kuja kusimamia, mashine ikaitwa WEIZAC, ikawaka katikati ya miaka hiyo ya 1950 na ni miongoni mwa za mwanzo kabisa duniani. Mabaki yake yapo pale Ziskind nimeyaona, kabati kubwa lenye taa na nyaya. Basi mwanafunzi mmoja wa Pekeris, Amir Pnueli, akafanya uzamivu wake kwa mahesabu hayo hayo ya maji ya bahari, akahamia kwenye kuuliza tutajuaje kwamba programu inayoendelea muda wote haitakosea, akapata 1996 tuzo ya Turing, ambayo kwa watu wa kompyuta ndiyo Nobel yao. Adi Shamir, ile S ya kwenye RSA, kanuni iliyolinda siri kwenye intaneti kwa miongo, naye ni zao la uzamivu wa hapo, Turing yake ni 2002. Shafi Goldwasser, profesa wa hapo, akafuata 2012. Na Michael Levitt, kijana aliyezaliwa Pretoria, alipitia hapo mwishoni mwa miaka ya 1960 kabla ya Cambridge, akakaa na Arieh Warshel, mwanafunzi wa pale, kwenye kikundi cha Shneior Lifson, wakaitumia kompyuta iliyoifuata WEIZAC, iliyoitwa Golem, kuiga mienendo ya molekuli kwa hesabu. Wote wawili Nobel 2013, pamoja na Martin Karplus. Mnaona mnyororo ulivyo? Mtu mmoja alitaka kuelewa maji kupwa na kujaa.

Mazingira sasa. Kampasi ni kubwa, ekari zinazokaribia 300, miti, nyasi, baiskeli kila mahali, na kwa mbali unaona mnara wa Koffler wenye ule uvimbe kama yai juu yake, ulijengwa kwa ajili ya kuongeza kasi ya chembe za atomu. Kuna na mnara wa jua, mbele yake vioo 64 vikubwa vinavyogeuka kulifuata jua na kulirudisha sehemu moja, mara ya kwanza kuuona ukiwa kazini nilisimama nikasahau ninakoenda. Ukija na watoto au wageni wapeleke Bustani ya Sayansi ya Clore, vifaa vyote vipo nje wanavishika wenyewe, sauti, mwanga, maji, mawimbi, binti wa dada yangu alikaa masaa manne pale hakuuliza simu hata mara moja.

Mji wenyewe ni mtulivu, ulikua kwenye michungwa, nembo yake ina chungwa, hadubini na kitabu. Stesheni ya treni ipo karibu na geti kwa hiyo Tel Aviv ni kwenda na kurudi, ila Ijumaa mchana mpaka Jumamosi jioni mabasi na treni vinasimama kwa ajili ya Sabato, maduka mengi yanafungwa, na kwa mgeni asiye na gari siku hizo ni ndefu. Mimi kilichoniokoa ni majirani wenye asili ya Ethiopia, Rehovot wako wengi, mama mmoja alinisikia naongea na nyumbani kwa simu akajua natoka mbali, Ijumaa yake ya pili nimekaa kwenye kochi lake nakula injera na ananiuliza mbona nimekonda. Shikamoo yangu alikuwa haielewi lakini aliipokea kwa mikono miwili.

Kisichokufaa ni nini? Kama unatafuta cheti cha kupandia cheo, usiende. Kama unapenda kufundishwa sana, kupewa noti na mtihani, utateseka, maana pale unaachwa na swali na friza. Na ni dunia nyembamba, sayansi asubuhi, sayansi mchana, sayansi kwenye chakula. Mtu wa historia au wa ushairi ndani ya kampasi humpati, na mimi baada ya mwaka nilianza kupanda treni kwenda tu kusikiliza watu wanaoongelea vitu vingine. Naamini chuo kinapoteza kitu hapo, maana maswali wanayoyagusa sasa hivi yanahitaji watu wa aina zote mezani. Kikundi cha Jacob Hanna kilitoa 2023 mfano wa kiinitete cha binadamu uliotengenezwa kwa seli shina, bila yai wala mbegu, unaofanana na kiinitete cha siku kumi na nne. Jambo kama hilo mwanabaiolojia peke yake halimtoshi. Viza ya mwanafunzi ni A/2 na uianze mapema. Na vita. Siwezi kuandika kana kwamba haipo, kila mtu apime mwenyewe na nyumbani kwake kabla ya kuamua, mimi nilisoma kipindi cha utulivu na sitamsukuma mtu kwenye hilo.

Alama zangu ni nyota nne na nusu kwa tano. Ile nusu nimeikata kwa wembamba wa dunia yake, mengine yote sina la kukata.

Nilikuwa nimeshaanza kuandika haya zamani kidogo nikaacha, kwa sababu Juni 15, 2025, usiku wa kuamkia asubuhi, makombora ya Iran yaligonga kampasi. Jengo la maabara za sayansi za uhai liliungua, jengo jipya la kemia lililokuwa linajengwa likapigwa, na majengo kwa makumi yakaharibika vioo na dari. Hakuna aliyefariki mle ndani, ilikuwa usiku. Niliamka nikakuta kwenye gurupu letu la zamani meseji zaidi ya mia mbili, picha za korido ninazozijua zimejaa vioo, na watu wamerudi kabla moshi haujaisha kutoa masanduku ya sampuli kwenye friza za nyuzi 80 chini ya sifuri, wanayapitisha mkono kwa mkono kama watu wanaozima moto kwa ndoo. Kuna maabara zilipoteza sampuli za miaka na miaka, seli, tishu, vitu ambavyo huwezi kununua tena kwa hela yoyote. Najua wako watu sehemu nyingi za dunia waliopoteza zaidi ya sampuli kwenye vita hivi na sisemi haya kupunguza machungu ya mtu. Nasema kwa sababu nilipajua na nililia.

Yule mwenzangu wa Kerala siku hizi ana kikundi chake kwao, lakini bado anaongea na bosi wetu wa rotesheni ile. Wiki mbili baada ya tukio alinitumia picha ya benchi langu la zamani, lile la pembeni karibu na sinki. Limegawanywa kwa utepe wa karatasi katikati, upande mmoja watu wa pale, upande mwingine mwanafunzi wa maabara iliyoungua, ameshapanga pipeti zake, na kwenye rafu juu kuna chupa ya bafa imeandikwa kwa kalamu kubwa, bila EDTA.